Sura ya Sita: Mkaguzi Huja Saa Nne Asubuhi

Kila shule niliyowahi kuikagua Bomet ilikuwa nzuri saa nne asubuhi. Nyasi zimefyekwa, mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa, watoto wametulia madarasani, na chai ya mgeni iko mezani kwa mwalimu mkuu, ya maziwa, imechemka ikachemka. Mlango wa bweni uko wazi kwa kuwa kuna mtu aliyeambiwa aufungue. Ndoo za mchanga zimepakwa rangi nyekundu juzi. Mkaguzi anazunguka na fomu yake, anaweka alama ya vema kwenye kila kisanduku, anatia sahihi kitabu cha wageni, kisha anaondoka kabla mvua haijaanza.

Mvua ya Bomet huanza baada ya saa nane mchana. Asubuhi jua huwa kali juu ya majani chai, kisha upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko ya Kericho na Konoin kuelekea Mau, na kufikia saa tisa mawingu yamesimama kama ukuta. Nchi hii ya chai ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Kericho hutajwa kuwa na wastani wa siku 50 za mvua ya mawe kwa mwaka, na kuna mwaka zilipohesabiwa siku 132. Mkulima anaijua hasara yake: majani yaliyochanikachanika, kilo zinazopungua kwenye kituo cha kununulia. Mkaguzi wa saa nne haijui. Hajawahi kukaa darasani mabati yakipigwa mpaka sauti ya mwalimu inapotea, ubao hauonekani, na watoto 60 wanatazama juu kwa pamoja.

Ukitaka kujua shule inaweza kustahimili nini, nenda saa ambayo janga huenda. Zitazame saa zetu wenyewe. Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: usiku wa manane, wavulana 67 walikufa bwenini. Moi Girls, Nairobi, Septemba 2, 2017: yapata saa nane za usiku, wasichana 10. Hillside Endarasha Academy, Nyeri, Septemba 5, 2024: saa tano usiku, wavulana 21. Precious Talent Academy, Dagoretti, Septemba 23, 2019: asubuhi ya Jumatatu, masomo ndiyo kwanza yanaanza, darasa la ghorofa lililojengwa kwa mbao na mabati likaporomoka na kuua watoto 8. Shule ya Msingi ya Kakamega, Februari 3, 2020: saa kumi na moja jioni, watoto wanateremka ngazi kwenda nyumbani, msukumano ukaua 14. Hakuna hata janga moja kati ya haya lililongoja saa nne asubuhi ifike.

Kwa sababu hiyo niliacha kwenda asubuhi.

Shule nitakayoieleza hapa sitaitaja jina. Ni ya upili, ya kutwa na bweni, katika ukanda wa chai wa Bomet. Juu yake kuna kituo cha kununulia majani chai, chini yake mto, na mikaratusi mirefu imeizunguka pande tatu. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa moyo mweupe. Nilimwomba kitu kimoja tu, anikubalie kufika Ijumaa alasiri na kulala hapo.

Saa tatu usiku stima ilipotea, kama inavyopotea mara nyingi radi zikianza. Nilitoka na mlinzi, mzee mmoja mwenye koti zito la mvua na tochi ya kuchaji. Tulilizunguka bweni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, wavulana wanapiga mswaki kwenye veranda. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kubwa la shaba, kwa nje.

"Mzee, ufunguo wa hapa uko wapi?"

"Uko kwa naibu, Mwalimu."

"Naibu yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani Mulot. Leo ni Ijumaa."

Tulisimama pale, mvua ikitudondokea kutoka kwenye ukingo wa mabati. Ndani kulikuwa na wavulana 94. Nilimulika dirisha: nondo nne wima, mbili za kulala, zimechomelewa vizuri na fundi aliyeijua kazi yake.

Kufuli lile halikuwekwa na mtu mbaya. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila moto wa shule ukishatokea tunatafuta mtu mbaya, tukimpata tunatulia. Lile lilifungwa Januari baada ya wavulana watatu kutoroka usiku kwenda disko matanga. Nondo za dirishani ziliwekwa mwaka ambao magodoro yaliibiwa. Kila uamuzi ulikuwa na sababu, ulipitishwa kwenye mkutano wa bodi, na wazazi walishukuru. Bweni likageuka mtego hatua kwa hatua, kila hatua ikiitwa usalama. Hata Kyanguli ilikuwa hivyo: mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1998, wasichana 26 wa Bombolulu huko pwani walikuwa wamekufa nyuma ya milango na nondo za namna ileile.

Sheria tunazo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na sehemu ya mabweni ni wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuikagua shule yake nayo. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Kesho yake nilipima kwa utepe wa fundi: kati ya vitanda vya ghorofa sentimita 45, njia ya katikati sentimita 90, nayo imejaa masanduku ya chuma. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoamua kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza, mabweni mengi yaliongezewa vitanda bila kuongezewa kuta.

Godoro nalo ni la sponji. Sponji ikishika moto haichomi tu, inatoa moshi mweusi wenye sumu, na mtu aliyelala hupoteza fahamu kabla ndimi hazijamfikia. Muda wa kutoka kwenye bweni la namna hiyo unahesabiwa kwa dakika mbili, tatu. Kutoka Mulot kuleta ufunguo ni safari ya gari.

Baada ya Endarasha ukaguzi ulifanyika nchi nzima, na Novemba 2024 Wizara ilifunga sehemu za bweni katika shule za msingi 348. Nauunga mkono uamuzi ule. Lakini najiuliza: mabweni yale 348 hayakuota usiku mmoja. Yalikuwa yakipita ukaguzi mwaka baada ya mwaka, saa nne asubuhi, mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Asubuhi ya Jumamosi tuligeukia radi. Wakipsigis huiita ilat, na wazee wake kwa waume wanaiheshimu kama mwenye nyumba. Wana haki. Juni 28, 2011, Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ilipigwa na radi alasiri, watoto wakiwa darasani wamejikinga mvua. Wanafunzi 18 walikufa. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja mjini Geita, Tanzania. Watu wengi hudhani mabati ndiyo yanayoivuta radi. Mabati hayana kosa hilo. Taabu ni kwamba katika madarasa yetu mengi umeme ukishafika kwenye bati hauna njia ya chuma ya kushukia ardhini, basi unatafuta njia nyingine: nguzo ya mbao iliyolowa, ukuta, dawati, mwili wa mtoto. Ukifika chini husambaa kwenye udongo, na mtoto mwenye miguu mitupu kwenye sakafu ya udongo yuko hatarini hata kama radi haikumgusa yeye.

Shule ile ilikuwa na kinga ya radi. Kwenye ripoti ya mwaka uliotangulia kisanduku chake kilikuwa na alama ya vema. Ncha ya shaba ilionekana juu ya paa la jengo la utawala, imesimama wima. Nilifanya kile ambacho kila mzazi anaweza kufanya bila kifaa chochote: niliufuata waya kwa macho kutoka juu kwenda chini. Ulishuka ukutani vizuri mpaka usawa wa kifua changu, hapo ukakatika. Kipande cha chini, pamoja na chuma cha kuzikwa, kilikuwa kimeng'olewa. Shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ncha iliyobaki juu bila waya wa kuifikisha ardhini ilikuwa inaipokea radi na kuikabidhi kwa ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu.

Kuziba pengo lile kuligharimu waya wa mita chache na siku moja ya fundi. Safari hii waya ulipitishwa ndani ya bomba na kufunikwa kwa simiti mpaka urefu usiofikiwa na mkono. Wavulana nao walifundishwa kuhesabu: ukiona mwanga, anza kuhesabu, ngurumo ikifika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, acha mpira, ingia kwenye jengo lenye kinga, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mikaratusi ndiyo iliyokuwa kimbilio lao siku zote. Wakati wa mazoezi mvua ikinyesha, timu nzima ilisimama chini ya mti mrefu kuliko yote kwenye kilima.

Kuta zilichukua muda mfupi zaidi kukagua kuliko nilivyotarajia, na jibu lake halikunipendeza. Shule nyingi za Bomet zimejengwa kwa harambee, darasa moja moja, kwa miaka, na kila darasa lina historia ya pesa iliyokuwepo mwaka ule. Jengo la kwanza, la zamani zaidi, ndilo lilikuwa imara kuliko yote: mawe yaliyochongwa, lenta inayozunguka jengo zima, kenchi zilizofungwa ukutani kwa utepe wa chuma. Jengo jipya, lililopakwa rangi nzuri, halikuwa na utepe wowote. Paa lilikaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Upepo wa dhoruba hauhitaji kubomoa ukuta. Huingia chini ya bati na kuliinua paa zima kama kifuniko cha sufuria.

Kuhusu tetemeko, wenyeji walinishangaa nilipouliza. Lakini Bomet iko kwenye bega la Bonde la Ufa, na Januari 6, 1928 tetemeko la Subukia, upande wa pili wa Mau, lilifikia ukubwa wa takriban 6.9. Karibu na zama zetu, Septemba 10, 2016, ardhi ilitikisika Bukoba, Tanzania, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Sipendi kufikiria ingekuwaje siku ya Jumanne.

Hapo humkumbuka mwalimu mmoja wa China, Ye Zhiping, mkuu wa shule ya Sangzao katika jimbo la Sichuan. Alikuwa na jengo la madarasa lililojengwa ovyo, naye hakuwa na pesa za kulibomoa. Akaliimarisha kidogo kidogo kwa miaka, nguzo baada ya nguzo, akiombaomba fedha kwa wakubwa. Kisha akaanzisha mazoezi ya kutoka, kila darasa na ngazi yake, kila mwalimu na mahali pake pa kusimama. Mei 12, 2008 tetemeko lilipiga Sichuan na maelfu ya wanafunzi wakafa katika shule zilizoporomoka. Sangzao, wanafunzi zaidi ya 2,000 walikuwa uwanjani kwa dakika 1 na sekunde 36. Hakufa hata mmoja.

Wataalamu wana vyombo vizuri vya kazi hii. Chuo Kikuu cha Udine, Italia, pamoja na UNESCO, wana mbinu iitwayo VISUS: watu waliofunzwa hutembea shuleni, wakaangalia kwa macho, wakapiga picha, na programu ikatoa daraja la hatari na makisio ya matengenezo. Imetumika hata Msumbiji. Ningefurahi kuiona Bomet. Lakini chombo chochote kitakachokuja, nitaomba kijumuishe saa ya usiku na saa ya mvua, na kiwaulize watoto.

Watoto ndio walionifundisha habari ya mto. Niliwapa wanafunzi wa kutwa karatasi, nikawaambia wachore njia ya nyumbani na waweke msalaba mahali wanapoogopa. Kati ya karatasi 31, karatasi 19 zilikuwa na msalaba mahali pamoja: daraja la magogo mawili chini ya shamba la chai. Mwalimu mkuu alikaa pale miaka minne, anakuja kwa gari kupitia barabara ya juu, hajawahi kuliona. Tuliteremka pamoja. Magogo yalikuwa na utelezi wa kijani, hayana kamba ya kushika, na alama ya matope kwenye vichaka ilionyesha maji huyapanda. Msichana mmoja alieleza kwamba siku za mvua kubwa wakubwa huwabeba wadogo wa shule ya msingi mgongoni. Wengine walikuwa wamechora barabara kuu, na msalaba mbele ya geti. Hao nao niliwaelewa, kwa kuwa tulikuwa bado tunaomboleza watu 52 waliokufa Londiani Junction Juni 30, 2023, lori lilipowavamia watu kando ya barabara.

Hatua ya kwanza kuhusu daraja haikugharimu kitu. Kengele ya kuwaruhusu wa kutwa ilirudishwa nyuma siku za mawingu, na mwalimu wa zamu akapewa mamlaka ya kuwazuia shuleni mpaka maji yashuke, wazazi wakijulishwa kwa simu.

Kuna majanga yasiyogusa ukuta wala daraja. Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya papa hapa Bomet, eneo la Longisa. Mashamba yalikauka yangali na mabua mabichi, na mwenye mahindi ya kulipa karo akabaki hana ya kula. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka. Familia zilikimbia, na madarasa yakakosa watoto na walimu kwa pamoja. Machi 2020 korona ilifunga shule, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yaliahirisha muhula wa pili mpaka Mei 13. Kwa hiyo katika daftari langu, baada ya milango na mabati, kuna maswali ambayo majibu yake hayaonekani kwa tochi: shule ikifungwa kesho, mwalimu anajua kila mtoto anaishi wapi? Ghala lina chakula cha wiki ngapi? Nani atamfuata msichana ambaye hakurudi?

Shule ile ilijibu la kwanza vizuri sana, kupitia wazee wa nyumba kumi. La pili, siku 9. La tatu walinyamaza.

Wiki tatu baadaye nilirudi, tena usiku. Bodi ilikuwa imekutana mara mbili, na mjadala wa kufuli ulikuwa mkali, kwa sababu hofu ya wazazi kuhusu kutoroka ni hofu ya kweli. Walikubaliana hivi: kufuli litoke, komeo liwekwe kwa ndani, na kengele ndogo ifungwe juu ya mlango ili ukifunguliwa usiku mlinzi asikie. Nondo zilikatwa kwenye madirisha mawili kwa kuanzia. Masanduku yalihamishiwa chumba cha pembeni.

Zoezi la kwanza lilifanyika saa tano usiku. Walimu walijua, wavulana hawakujua siku. Dakika 6 na sekunde 20. Wengi walikimbilia mlango wa mbele waliouzoea, na wa nyuma ulipitiwa na watu 11 tu. Wanne walirudi ndani kuchukua viatu. Mlinzi, yule mzee wa koti la mvua, ndiye aliyesimama mlango wa nyuma akipaza sauti, "Njooni huku, watoto wangu, huku kuko wazi!" Baada ya hapo kila safu ya vitanda ilipewa mlango wake, na kila kapteni wa safu orodha ya majina.

Zoezi la pili: dakika 2 na sekunde 40, majina yote 94 yakaitikiwa uwanjani. Mlango wa dharura wa katikati bado haujatobolewa. Wazazi wameahidi kuuchangia bonasi ya chai ikilipwa Oktoba.